Mng'aro Usio na Namba

PROCÈS-VERBAL: MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Beni, tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi
Jina: Hadjara Jumaine
Umri: miaka 43
Kazi: kung'arisha kalibu za chuma za kumiminia plastiki
Makazi: Butembo

Naishi Butembo, lakini nimeitwa Beni kwa sababu kalibu ilikamatwa huku. Nimeapa kusema kweli, na ninaisema ingawa leo ningependa kuwa mtu asiyejua kitu.

Mnamo tarehe 12 Mei, patron wangu Ézéchias, mwenye karakana, aliniambia kwamba kalibu yetu ya vikombe, iliyoibwa mwezi wa pili, imeonekana kwa mfanyabiashara Salomon hapa Beni. Salomon alikuwa ameshafungwa. Alijitetea kwamba alitengenezewa kalibu hiyo na fundi mmoja wa Kamango, ambaye hakumjua jina. Hakuna aliyemwamini. Patron alitaka nije kuthibitisha tu.

Leo, mbele ya mpelelezi wa polisi, OPJ Sikuli, niliwekewa mezani kalibu, kikombe kilichotoka ndani yake, na bamba letu la mifano. Bamba hilo lina vipande vyenye namba, kuanzia ulaini wa kioo mpaka ukali wa msasa mkubwa. Unapitisha ukucha juu ya kipande, kisha juu ya kazi, unalinganisha. Nilianza na kikombe. Lakini kikombe peke yake hakitoshi, maana plastiki ikipoa vibaya hufifia hata kama chuma kinang'aa. Nikageukia kalibu.

Ya kwetu niliing'arisha mwenyewe mpaka ikawa kioo, kila kona. Hii ina mistari ya tupa kwenye kona za mkono wa kikombe. Kalibu iliyowahi kufikishwa kioo haibaki na mistari hiyo.

Nikasema: "Chef, hii haiko ya kwetu."

Patron akadakia: "Hadjara, angalia muzuri! Mutu wa Kamango atajua wapi hii kazi?"

Nikaangalia tena. Ukucha wangu ulikaa kati ya namba sita na namba saba, mahali ambapo bamba halina kipande.

Mng'aro huo ninaujua. Mume wangu, Ibrahim, aliyekuwa fundi mwenzangu, aliupata nyumbani kwetu, kwa jivu la maganda ya ndizi na mawese, akizungusha kitambaa badala ya kukivuta. Alitaka kikombe cha chai kisiteleze mkononi. Patron aliukataa. Alisema, "Haina numéro, nitaiuzisha namna gani?" Hatukumfundisha mtu mwingine. Ulibaki mchezo wetu wa wawili.

Ibrahim aliondoka Butembo mwezi wa nane 2022, kwa lori la kwenda Kamango. Lori lilichomwa njiani. Mwili wake hatukuupata. Tulisoma hitima, nikakaa eda. Tangu hapo napika kwa sufuria ndogo na bado chakula kinabaki.

OPJ aliuliza kama kazi hiyo haiwezi kuwa ya zamani, kabla ya lori kuchomwa. Nilimwonyesha jina la duka la Salomon, lililochongwa chini ya kalibu. Duka lilifunguliwa mwaka huu. Mng'aro umeingia mpaka ndani ya herufi, kwa hiyo jina lilitangulia.

Ningeweza kunyamaza. Ningerudi Butembo nikiwa mjane wa kuhurumiwa, na Salomon angeozea gerezani. Nilipoelewa kwamba Ibrahim yuko hai, nilifurahi sana. Halafu hasira ikanipanda, nikakaa kabla ya kuambiwa.

Patron alitoka nje bila kuniangalia. OPJ akauliza: "Mama Hadjara, unapenda tumutafute?"

Nilijibu: "Hapana, chef. Njia ya nyumba anaijua. Sikuhama."

Ninayoyajua ndiyo hayo. Nimesomewa, na sina neno la kuondoa.

Sahihi ya shahidi: Hadjara Jumaine

Maelezo yamepokelewa na kuandikwa nami, OPJ Sikuli. Nimependekeza Salomon aachiliwe. Patron wa shahidi alikuwa akimsubiri na gari. Shahidi amekataa kupanda, akaenda kutafuta usafiri wa Butembo peke yake.