Siku Ulipopogolewa Mlangilangi

Mpendwa Mama Rukia,

Shikamoo huko uliko. Jumamosi iliyopita nilivuka feri kwenda Mtongwe kwa Baba, nikakuta mlangilangi umepita paa kwa kimo cha mtu. Tangu ututoke, mwaka na nusu sasa, hakuna aliyeugusa. Maua yote yako juu, na sisi huku chini tunaambulia harufu tu. Nilikaa barazani nikakukumbuka sana.

Ulinikuta nina miaka kumi. Mamangu mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mti ule aliupanda yeye, ubavuni mwa jiko, mwaka niliozaliwa. Ulikuja kutoka Magogoni na sanduku moja la bati, ukaolewa na Baba kwa nikaha ya watu wachache. Nilikwita "Bi Rukia", kama jirani. Ukiniita, nilijibu "Nini?" badala ya "Abee", na hukunigombeza hata siku moja. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nikiokota maua yaliyoanguka, yamekwisha kuwa ya kahawia, nikiyatia ndani ya daftari. Nilidhani huoni.

Kisha ikaja ile siku. Nilirudi kutoka madrasa nikakuta ua mzima umejaa matawi. Mti umebaki nusu, umefika kimo cha mlango tu, umepakwa majivu penye majeraha. Wewe umesimama chini yake na msumeno mkononi, jasho linakutiririka. Baba ameketi kizingitini, ameinamisha kichwa.

"Nani ameukata?" nikauliza.

"Mimi," ukasema.

"Umemuua mamangu mara ya pili."

Nilikuwa mtoto, Mama, lakini uzito wa neno lile niliujua nilipolitoa. Baba alifumbua kinywa, ukamtazama, akanyamaza. Ukachukua ufagio, ukaanza kukusanya majani.

Miezi sita sikusema nawe. Chakula cha mchana nilikuwa nikila kwa jirani yetu, Bi Mwanasha. Kumbe wewe ulikuwa ukikipeleka kwake kwa mlango wa nyuma, nami nikila wali wako wa nazi nikiusifu kuwa ni wake. Hilo alikuja kuniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima.

Masika yakapita. Asubuhi moja, jua halijachomoza sawasawa, ukanigusa bega.

"Njoo uone. Sijachuma hata moja."

Matawi mapya yalikuwa yameinama mpaka usawa wa kifua changu. Maua yamening'inia, mengine bado kijani, mengine yameiva manjano.

"Chuma yaliyoiva," ukaniambia. "Ua la chini limeshachoka. Nilitaka upate la mtini."

Nikachuma mpaka upindo wa kanga yako ukajaa. Tulipoingia ndani ukaniita jikoni, nikajibu, "Abee, Mama," bila kufikiri. Ukajitia unatafuta kibiriti, umenipa mgongo.

Tangu hapo, kila mwaka tuliupogoa pamoja. Ulinifundisha kwamba tawi nene huanzwa kukatwa kidogo kwa chini, kisha kwa juu, gome lisichanike. Na kata iwe ya mshazari, maji ya mvua yasituame. "Ukiuonea mti huruma ya kijinga unauumiza," ulikuwa ukisema. Siku ya harusi yangu ulichuma mwenyewe langilangi, asumini na mrehani, ukanifungia kikuba, na hukukubali mtu akusaidie.

Basi Jumamosi hiyo nikautoa msumeno wako nyuma ya mlango wa jiko. Baba akaniona.

"Uache," akasema.

"Umepita paa, Baba. Ukija upepo matawi yatavunja mabati."

"Mkono wa mwisho kuupogoa ni wake. Uache."

"Na yeye aliupogoa ili uchanue. Siku ile ya kwanza nilimtukana kwa kazi hiyohiyo."

Hapo ndipo akaniambia kile mlichonificha miaka ishirini na minane: kwamba siku ile aliyeanza kukata ni yeye. Alikuwa hawezi tena kuutazama mti wa marehemu kila akitoka kwenda kazini, akangoja mimi nisiwepo, akapanda ngazi na panga akaanza kuangusha matawi ya juu, nia yake kuufikisha kisiki. Ukamshika mguu. "Ukiumaliza mti huu, mtoto hutampata tena," ukamwambia. Akashuka, akaketi kizingitini analia. Wewe ukachukua msumeno, ukazisawazisha kata zake, ukaokoa kilichobaki. Mliposikia lango likifunguliwa ukamwambia, "Nyamaza wewe. Akinichukia mimi, bado ana baba. Akikuchukia wewe, ana nani?"

Nilimkasirikia, nisikufiche, mpaka adhuhuri. Kisha nikamtazama, mzee wa miaka sabini na kitu, amebaki na siri hiyo peke yake tangu tulipokuzika. Nikamwomba anishikie ngazi. Akaja akaishika. Tulipogoa mpaka alasiri, na majivu alipaka yeye.

Mama, wiki ile ya mwisho nilianza kukuomba radhi, ukaniambia nikuwekee sawa mto. Nilidhani hukunisikia. Sasa naamini ulisikia, na hukutaka nijute kwa lawama uliyoitwaa mwenyewe kwa hiari yako. Hata hivyo naomba radhi. Neno lile nililitoa mimi, hakuna aliyenisemea.

Jumapili, kabla sijarudi kwangu Changamwe, tulikuja makaburini kukuzuru. Baba siku zote husoma dua yake upesi akaondoka. Safari hii alikaa kitako kando yako, akaanza kusema nawe kwa sauti ndogo, nami nikasogea mbali niwaachie nafasi. Sijui alikwambia nini. Alipoinuka alijipangusa mchanga, akaniuliza kama nyumbani kuna samaki. Tangu ufe, hajawahi kuuliza habari ya chakula.

Mola akupe raha uliyoinyima nafsi yako ili sisi tuipate.

Mwanao,
Zuhura