Chumba cha Kaka au cha Kuku

Jumatano

Kaka Athmani bado amenuna. Leo mbele ya Kadhi aliusoma wasia wa marehemu mama, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu bila irabu: "Chumba cha uani ni cha kaka." Eti niondoe humo cherehani yangu!

Kadhi akavaa miwani. "Mbona mimi nasoma 'kuku'?"

Akaniuliza enzi za mama walikuwa wakilala kina nani humo.

"Kuku, Sheikh."

Watu wakaangua kicheko.

Tulipoingia Mji wa Kale, Athmani akanigeukia. "Yaani nimeshindwa na kuku?"

Nikamwambia angalau wao hawakukoroma.

Lakini roho yanisuta. Mama aliuandika wasia ule kabla hatujafuga hata kuku mmoja.