Baba, Jumamosi Sinadi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa Mama umetulia. Huku hatujambo, isipokuwa sauti yangu imeondoka bila hata kuaga.

Ilianza na mafua. Ulinifundisha kwamba mnadi hanyamazi, sauti ikikwaruza unaifokea mpaka irudi. Basi nikafoka. Nikanadi makabati na vitanda kutwa nzima, jioni ikawa inatoka pumzi tupu. Kesho yake nikajifanya mjanja, nikawa nanong'ona kwenye kipaza sauti, eti naipumzisha. Wateja wakacheka, wakauliza nauza meza au napiga umbea.

Daktari alinichungulia kooni akaguna. Alisema nyuzi za sauti zimevimba, na huko kunong'ona kwa kujikaza ni kuzitesa vilevile. Nilipotaka dawa kali, akasema virusi vya mafua haviziogopi antibiotiki. Ninyamaze, ninywe maji mara kwa mara, nikae mbali na moshi. Basi.

Bosi akaja juu. Akasema nisiponadi Jumamosi, nyundo anampa mwingine. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi, kwa herufi kubwa: MPE. Koo ni langu, Baba, si mali ya mnada wake. Najua wewe ungeona aibu. Mimi sioni hata chembe.

Ila kuna jambo sikulitanguliza, maana ungeichana barua. Nilimwandikia daktari habari zako, tena kwa kujigamba, kwamba sauti yako inakwaruza tangu mwaka jana na nyumbani tunaiita sauti ya kazi. Hakucheka. Alisema ya mafua hupona kwa wiki moja au mbili. Ikizidi wiki tatu, koo lazima lichunguzwe: huenda ni kitu kidogo, huenda ni uvimbe mbaya, na huo ukiwahiwa hutibika. Baba, niliogopa.

Nimeshakuwekea miadi. Kaka anakuja kukuchukua Jumatatu, na Mama ameshafungasha nguo zako. Usimgombeze, mpango ni wangu. Kasirika, nuna, nisuse ukitaka, lakini gari utapanda. Nataka uendelee kunigombeza mpaka nami niwe bibi mwenye wajukuu.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na uwasalimie majirani wote.

Ni mimi binti yako,
Mkaidi kama wewe