Tela Lisilo na Kadi

Jumanne, 8 Oktoba

Chai, dawa za Baba Neema, kuku, kufagia maranda. Kila siku maranda. Mume wangu anaunda boti ya mbao uani kwetu hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, ambako maji ya karibu ni ya bomba, na hayo nayo hutoka kwa zamu. Majirani wanamwita Nuhu. Mchungaji naye, Mungu amsamehe, alimwita hivyo mbele ya kanisa zima.

Mwaka jana kiharusi kilimshika mkono wa kushoto. Daktari akasema mkono upewe kazi. Mimi niliwaza bustani ya vitunguu. Yeye akaagiza mbao. Leo ameziba nyufa za mwisho kwa pamba na lami, na pamba aliishika kwa mkono ule ule wa kushoto. Nilisimama mlangoni na kikombe, nikamtazama mpaka chai ikapoa. Sikumwambia kitu. Akisifiwa huacha kazi akaanza hadithi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Boti ni ya wifi yangu Sabina. Yuko kule Ziwa Nyasa, ufukweni, mbele kidogo ya Lupingu. Mfinyanzi. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea Baba Neema kwa vyungu, akivipeleka sokoni kwa mtumbwi wake mwenyewe. Mtumbwi umeoza. Sasa anaomba nafasi kwenye mitumbwi ya watu, vyungu vinalaliwa na magunia ya watu, na vingi vinafika vigae. Ana miaka sabini na sita. Hajawahi kutuomba hata chumvi. Boti hii hana habari nayo.

Shida ni mvua. Zikishaanza, mteremko wa kutoka Ludewa kwenda ziwani haushukiki na tela mpaka Juni. Daktari hakusema kwamba Baba Neema hatafika Juni. Hakusema pia kwamba atafika. Nilimwona alivyoitazama ile karatasi ya vipimo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Makambako. Tumepata tela! Lilikuwa nyuma ya kibanda cha Mzee Mgaya, fundi wa kuchomelea, chini ya turubai. Tela dogo la boti, la magurudumu mawili. Aliliunda miaka saba iliyopita kwa mteja ambaye hakurudi. Nikamuuliza kwa nini hakuliuza. Akasema alikuwa akimsubiri mwenyewe. Miaka saba. Ametuuzia kwa sababu mwezi uliopita ndugu wa mteja walikuja kumwambia kwamba yule bwana amehamia mbali na hana haja nalo tena.

Mishono yake ya kuchomelea imelala sawasawa kama mwandiko wa mtoto aliyefundishwa vizuri. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, mwandiko naujua. Baba Neema alipitisha vidole juu yake bila kusema neno, na kwa Baba Neema kunyamaza ni sifa kubwa.

Kadi hakuna. Namba hakuna. Mzee anasema halijawahi kutoka kibandani, kadi ya nini?

Jumanne, 15 Oktoba

Tumeshikwa. Hata Makambako hatujaimaliza. Shabani, dereva wa pikapu tuliyokodi, alikuwa anaimba.

Trafiki alikuwa binti, koplo, mdogo kuliko Neema wangu. Shikamoo mama, tela hili halina namba, halina kadi, haliendi popote. Shabani akaingiza mkono mfukoni. Yule binti akamwambia autoe mtupu. Nimechukia, na nimempenda papo hapo. Wanafunzi kama huyu nilipata watatu maisha yangu yote.

Tela limebaki uwanja wa polisi. Boti iko Njombe, tela liko Makambako, ziwa liko mbali na vyote viwili.

Jumatano, 16 Oktoba

Ofisi ya mapato. Karani mpole, anaeleza mara mbili bila kukunja uso. Tunatakiwa tulete hati ya kiapo ya fundi aliyeliunda, risiti za vifaa, ripoti ya ukaguzi. Kama vifaa vyote vilinunuliwa vipya, kazi ni fupi. Kama kuna kifaa kilichotoka kwenye gari jingine, lazima tuonyeshe gari hilo ni la nani na alikitoa vipi.

Nikaenda kwa Mzee Mgaya nikiwa sina tumaini la risiti hata moja. Akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka darini. Risiti zote za miaka saba iliyopita zimo, zimekunjwa, za vyuma, tairi, boliti, mpaka kopo la rangi. Nilitaka kumkumbatia.

Kinachokosekana ni ekseli. Ilitoka kwenye pikapu iliyokufa ya marehemu Mzee Hamisi, msafirishaji, baba yake huyu huyu Shabani. Alimpa kwa mdomo tu, mtu na rafiki yake. Karatasi ya wapi?

Ekseli imepakwa rangi. Haionekani. Nitaandika hati mwenyewe, wakili apige muhuri tu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Tulikuwa kwa wakili, mimi na Mzee Mgaya. Alivaa koti la harusi. Nikampa hati asaini. Akasema miwani ameisahau nyumbani, nimsomee. Hana miwani. Sijawahi kumwona na miwani, na mchezo huo wazazi wa wanafunzi walinichezea miaka thelathini. Hajui kusoma. Nililijua hilo tangu siku ya kopo, aliponiachia mimi kuzisoma risiti zote.

Nikasoma haraka. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Soma tena, mwalimu. Polepole."

Nikasoma tena. Nilipofika "vifaa vyote nilivinunua vipya dukani," akainua mkono.

"Ekseli sikununua."

Nikamwambia ni kitu kidogo, kimepakwa rangi, hakuna atakayeuliza. Akasema, "Mwalimu, hapo ninaapa mimi. Siapi rangi."

Akasimama, akamwomba wakili radhi kwa kumpotezea muda, akatoka. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jana nilikasirika mpaka nikaunguza maharage. Nilimwita mzee mkaidi, nikasema uaminifu wake ungoje tu, mvua haingoji. Baba Neema alikula maharage yaliyoungua, akamaliza, akaniuliza: wewe ungeapa?

Leo hasira zimekwisha, imebaki aibu. Nilijua hasomi, nikategemea hilo. Mimi, niliyelipwa maisha yangu yote kufundisha watu kusoma, niliona mtu asiyesoma nikaona mwanya. Hakuna aliyeniona isipokuwa yeye. Na yeye alinisitiri kwa wakili, akasema "tumekosea mahali." Tumekosea!

Jumatatu nakwenda kumwomba radhi.

Jumanne, 22 Oktoba

Jana nilikwenda. Nilikuwa nimeandaa maneno, sikufika hata katikati. "Kamwene, mwalimu," akanisalimu yeye kwanza, akanipa kigoda, akaniuliza hali ya mzee wangu. Kisha akasema kesho twende kwa mke wa marehemu Hamisi tukaombe ekseli upya, maana tangu mazishi hajawahi kwenda kushukuru.

Leo tumekwenda. Bi Zuhura anakaa karibu na stendi, nyumba safi mpaka niliona haya kukanyaga. Mzee Mgaya akaeleza kila kitu toka mwanzo, na hakunitaja mahali pa kunitia aibu. Bi Zuhura akasikiliza, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Kadi ya pikapu imo. Barua ya kuiondoa barabarani imo. Sahihi ya marehemu mumewe imo, na aliishika kwa kidole gumba muda mrefu kabla ya kutukabidhi.

"Hamisi alimpa kwa mdomo," akasema. "Mimi ninampa kwa karatasi."

Akaniambia nimwandikie barua hapo hapo, atasaini. Safari hii nilisoma polepole bila kuombwa.

Nimetoka pale najiona mdogo, na sikuchukia.

Alhamisi, 31 Oktoba

Ukaguzi. Kiapo kipya kilishasainiwa wiki iliyopita kwa kidole gumba, ekseli ikiwa imetajwa peke yake katika aya yake.

Mkaguzi ni yule yule koplo. Alilala chini ya tela na sare yake nyeupe juu ya gunia. Taa za nyuma hakuna, mnyororo wa usalama hakuna, lirekebishwe. Kwenye ekseli hakuona tatizo. Mzee Mgaya ndiye aliyepiga magoti na brashi ya waya, akakwangua rangi yake mwenyewe, rangi nzuri, mpaka alama za zamani za kiwandani zikatoka.

Binti akamwambia, "Babu, mimi nisingeziona hizo."

"Wewe usingeziona," akasema. "Mimi ningeziona kila likipita hapa."

Binti aliandika muda mrefu kwenye fomu. Kisha akamuuliza jina lake kamili na jinsi linavyoandikwa. Mzee akanitazama. Nikalitaja mimi, herufi kwa herufi.

Jumatano, 6 Novemba

Taa zimefungwa, mnyororo umefungwa, ukaguzi umepita. Karatasi ziko mapato. Mtandao haufanyi kazi. Karani anasikitika kweli, sio kwa mdomo tu. Njooni kesho.

Mawingu upande wa Ludewa.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Dakika kumi tu, lakini mvua.

Baba Neema alitoka uani akaifunika boti kwa turubai peke yake, mkono mmoja na nusu. Hakula mchana. Shabani amepiga simu: wiki moja, mwalimu, baada ya hapo sishuki kule hata kwa nini.

Naogopa. Nimesema.

Ijumaa, 15 Novemba

Kadi imetoka!

Karani alinisimulia kwamba kwenye nafasi ya mtengenezaji alitaka kuandika "haijulikani," kama wanavyofanya kwa matela ya mtaani mengi ambayo kila mtu anaapa ni yake na hakuna aliyeyaunda. Ripoti ya koplo ikamzuia. Iliandikwa kwa wino wa bluu, ikapigiwa mstari: mtengenezaji ametambulika, ametaja hata kisicho chake. Kwa hiyo kwenye kadi, pale ambapo magari ya watu yameandikwa majina ya viwanda vya ng'ambo, letu limeandikwa E. Mgaya, Makambako.

Sitampigia simu. Nitamsomea mwenyewe.

Jumatano, 20 Novemba

Lupingu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe.

Jana majirani ishirini na zaidi waliibeba boti kutoka uani. Tulibomoa uzio. Wale wale wa Nuhu, Nuhu, walivua viatu wasichafue mbao. Mchungaji alishika mbele na suruali yake ya Jumapili. Nimewasamehe wote.

Barabara ya zege mpaka Mawengi safi. Baada ya Ludewa, utelezi. Shabani alishuka mteremko kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, akisali kwa sauti, na mimi nilisali za kwangu kimyakimya. Mahali pawili tela lilivuta pembeni, na mara zote mbili lilirudi njiani. Ekseli ya Mzee Hamisi haikutikisika. Shabani alipofika chini aliinama, akaipigapiga kama mtu anayemshukuru baba yake.

Wifi Sabina hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliizunguka boti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ubao kwa ubao, kama anavyogonga chungu kusikia kama kina ufa. Ubao mmoja karibu na tezi, kule nyuma, aliugonga mara tatu.

"Huu haukukauka vizuri, mdogo wangu."

Baba Neema alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakabaki machozi tu.

Asubuhi hii wifi amepakia vyungu kumi na vinne, vya kwake peke yake, bila gunia la mtu juu, akaondoka akipiga kasia mwenyewe. Baba Neema amesimama kwenye maji mpaka magotini. Alimpungia kwa mkono wa kushoto. Mkono ulifika juu kabisa. Nimeuona.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumerudi kwenye kazi. Uani ni patupu, hakuna maranda ya kufagia, na nimeyakumbuka.

Nimepitia Makambako. Nilikuwa na chungu kutoka kwa wifi na nakala ya kadi, nimeitia plastiki. Mzee Mgaya alikuwa anachomelea geti la watu. Alizima mashine, akafuta mikono kwenye ovaroli, akapokea chungu kwanza, akakigonga, akakiweka chini taratibu. Kisha kadi. Aliishika mbali, halafu karibu. Akasema miwani ameisahau nyumbani.

Nikamsomea. Namba, rangi, uzito. Aina: tela la boti. Mtengenezaji: E. Mgaya, Makambako.

Alitazama barabarani kidogo. Lori la mbao lilipita.

"Soma tena, mwalimu," akasema.

Nikasoma tena, polepole.