Sarafu za Tata Kalenga

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuta vumbi kwenye kioo, nimezipanga tena sarafu zangu. Sita sasa. Mwezi wa kwanza sikuwa na hata moja. Nilikuwa mstaafu tu wa ofisi ya mtaa, mwenye magoti mabovu na mdomo usiotulia.

Ya kwanza alinipa jirani, Tata Kalenga. Mgeni mmoja tajiri aliporudi kwao alimwachia kopo zima. Sarafu za kumbukumbu. Zina jina la nchi yetu, zina simba, zina meli, na hakuna mtu Kolwezi aliyewahi kununulia hata chumvi. Zilitengenezwa ng'ambo, zikauzwa ng'ambo. Sisi tunajua noti chakavu tu.

Ile ya kwanza niliisugua kwa limau na majivu, kama sufuria. Iling'aa, nikafurahi. Muuza sarafu wa Lubumbashi alipoona picha kwenye simu akaniandikia kwamba nimeiua. Sarafu haioshwi. Inashikwa ukingoni, inalazwa pakavu, inaachwa. Basi sasa zinalala juu ya kabati la chumbani, kwenye kipande cha kioo cha dirisha. Nimempiga marufuku mume wangu Joseph kuzigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Kabeya kanibebea ndoo ya maji kutoka bombani. Ni mtu mzima, wa Kasai, anamfanyia kazi Tata Kalenga. Ana adabu. Ana matope mekundu mpaka kwenye nyusi.

Jioni Tata Kalenga ameleta ya saba. Ya Katanga ya zamani: msalaba wa shaba upande huu, ndizi upande wa pili. Niliuliza bei, akakataa. Nimefurahi kama mtoto.

Joseph alikuwa anatazama lile turubai la bluu ambalo Tata Kalenga amezungushia ua wake. Anasema anachimba choo. "Choo gani ya miezi mbili?" Joseph akauliza. Nikamjibu kwamba choo cha mtu si kazi yetu.

Jumapili, 9 Machi

Tumetoka kanisani, sarafu zimesogea. Zote. Ya msalaba iko ukingoni kabisa mwa kioo.

Nyumba hii ina watu wawili. Mimi sikuzigusa.

Joseph aliapa. "Mi sikugusa bitu byako, Mama Béa." Nikamwita mwongo, mbele ya picha ya binti yetu Béa, ambaye yuko Lubumbashi na kwa bahati hakusikia. Sijutii. Mtu aseme kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Hatusemeshani. Ugali umeliwa kimya.

Jumanne, 11 Machi

Kavunja kimya mwenyewe. Alijilaza baada ya chakula cha mchana, akatoka chumbani macho yamemtoka. "Kuko bantu chini ya kitanda. Banagonga." Ameendesha malori ya mawe miaka mingi, masikio yake yanavuma yenyewe. Nikamwambia hivyo. Akaenda kukaa uani.

Nimemtegea. Nimetandika karatasi chini ya kioo, nimechora duara la penseli mahali pa kila sarafu. Maduara saba, sarafu saba, kila moja ndani ya lake. Akigusa nitajua.

Alhamisi, 13 Machi

Zimetoka. Zote saba. Na zote upande mmoja, upana wa kidole, kuelekea ukuta wa Tata Kalenga.

Niliketi kitandani. Mwizi hasogezi vitu hivi. Hata mtu anayefuta vumbi hasogezi hivi.

Nikachukua limau jikoni, nikaliweka sakafuni katikati ya chumba. Lilianza kubingirika polepole. Likaenda mpaka chini ya kabati. Nikavuta kabati. Ufa ukutani, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Nikaweka sikio. Nyundo. Kisha mtu akakohoa, huko chini.

Naogopa. Joseph alisema kweli, na bado sijamwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa Tata Kalenga asubuhi. Kabeya alikuwa mlangoni, akanisalimia. "Mulilamuka muzuri, mama?" Nikampita.

Nyuma ya turubai hakuna choo. Kuna shimo, kamba, na magunia ya mawe meusi na ya kijani, kobalti na shaba.

Nilikuwa tayari kupiga kelele. La kufanya nalijua. Shefu wa mtaa nimefanya naye kazi miaka kumi. Barua moja kutoka kwangu na shimo linafungwa siku hiyohiyo. Tata Kalenga hakubisha. "Mama Béa, tulisha geuza. Sasa tunaenda upande wa barabara. Wiki moja, tunamaliza." Akaingia ndani, akatoka na sarafu. Kubwa, ya fedha, ndani ya kikasha chake cha plastiki, haijaguswa na mkono wa mtu. Ina meli ambayo haijawahi kupita mto wetu wa Lualaba.

Nimeichukua.

Naandika tena nisije nikajidanganya: nimeichukua. Barua sikuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Joseph ameburuta godoro hadi sebuleni. "Pale mi silale tena." Nilimshikia upande mmoja. Wakati wa kusema ulikuwa huo. Sarafu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge changu, naisikia pajani. Nikamwambia chai iko tayari.

Zile saba zimejikusanya kwenye kona ya kioo. Sizipangi tena.

Jumatatu, 17 Machi

Ilikuwa jana saa saba mchana, tuko mezani. Sauti haikuwa kubwa. Kama gunia la mahindi linashushwa. Kisha mlango wa chumbani ukafunguka wenyewe, na ndani hapakuwa na sakafu. Kitanda, kabati, sarafu saba, vyote vimekwenda chini.

Mtaa mzima ulichimba. Walitoa wachimbaji wawili wazima. Kabeya wamemtoa leo asubuhi. Matope mpaka kwenye nyusi, kama siku zote. Wamemfunika kwa lile turubai la bluu. Tata Kalenga haonekani.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mama alikuwa akituambia hivyo tukiibiana karanga. Lakini mimi niko mzima. Aliyeliwa ni Kabeya.

Jumapili, 30 Machi

Tumehamia Mutshatsha. Tuko kwa dada yake Joseph, anauza makaa karibu na reli. Hatuulizi tunakaa mpaka lini.

Asubuhi, wifi alipokwenda kanisani, nilifungua pindo la kitenge. Nikaweka sarafu mezani mbele ya Joseph.

"Hii ulipata wapi?"

Nikamwambia. Ufa, limau, shimo, barua ambayo sikuandika. Nikamwambia pia kwamba siku ile Kabeya alinisalimia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua kikombe chake, akaenda kunywea nje, juu ya magunia ya makaa.

Meza ya hapa iko sawa. Nimekaa nayo mpaka mchana. Sarafu haijasogea.