Fardosa, Ubah Hakufa kwa Homa

Fardosa, abaayo, dada yangu wa hiari,

Salamu zikufikie hapo ulipolala, na Mungu akupanulie mahali pako. Sijui kama walio huko hupata habari za huku. Kama mnapata, basi umeshampokea Ubah na mimi najisumbua bure. Kama hujapata, keti kwanza. Binti yako amekufa. Nimeliandika neno hilo, nimelitazama, na bado nasubiri mtu aingie aniambie msiba umekosea nyumba.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kushikia kalamu. Kisomali chetu ni cha kuongea na kugombana tu. Nikikosea, cheka, kama ulivyokuwa ukicheka nyuma ya darasa mpaka mwalimu akatufukuza wote wawili, mimi bila kosa lolote.

Nianzie pale ulipotuacha. Pacha wako, Guled na Ubah, uliwaona, alhamdulilahi. Uliwashika. Ulisema yule msichana ndiye aliyekuwa akikupiga mateke miezi yote ile, ukanitazama ukasema, "Huyu amechukua roho yako, Rukia. Mkali." Kabla ya jua kutua ukawa umekwenda. Hirsi, mume wako, alikuwa mbali, Lafey, kwenye biashara ya ngamia, na habari tukampelekea kwa taar, ile redio ya mjini ambayo ukimwita mtu mmoja mkoa mzima unategea sikio. Watu wa Mandera walijua Hirsi amefiwa kabla yeye mwenyewe hajafika kwenye redio.

Mimi wakati ule nilikuwa namnyonyesha Zamzam wangu na maziwa yalikuwa tele. Nikawachukua watoto wako wote wawili niwaweke kifuani. Ayeyo, mama mkwe wako, akanishika mkono. Guled mnyonyeshe, akasema. Ubah hapana.

Sababu unaijua, maana ulikuwa hai alipoitamka mara ya kwanza. Mimba yako haijaonekana vizuri, ayeyo alishasema ukizaa msichana ataolewa na mwanangu Abdullahi. Abdullahi mwenyewe bado anajikojolea. Lakini watu wa mume wangu wana visima upande wa Modogashe, na tangu ukame ule uliomaliza ng'ombe wa ayeyo, yeye huota visima akiwa macho. Sasa, mtoto akinyonya ziwa la mwanamke akashiba, amekuwa mwanawe, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake. Hawaoani mpaka kiama. Ningemnyonyesha Ubah, ningemfanya dada yake Abdullahi, na ndoa ingekufa papo hapo. Wanawake waliokuja matangani wakatikisa vichwa, wakasema bibi huyu anaona mbali. Na kweli aliona mbali, Fardosa. Mtoto aliyekuwa mapajani pake ndiye hakumwona. Hakuna aliyembishia siku ile.

Basi Guled akaja kwangu, Ubah akabaki kwa ayeyo, akipewa maziwa ya mbuzi yaliyotiwa maji. Yalimkataa tumboni. Alilia. Alilia kama mtu anayedai haki yake, sauti inavuka maboma hadi kwangu, na maziwa yakinisikia yanatoka yenyewe, nguo inalowa. Nilikuwa namnyonyesha kaka yake huku namsikia.

Siku moja nikaona kumetulia. Nikafurahi, nikamwambia Zamzam, dada yako amezoea maziwa. Kumbe ayeyo alikuwa amepewa na mwenye duka chupa ya dawa tamu, ya rangi ya chai ya rangi, iliyoletwa na mizigo kutoka ng'ambo ya mpaka. Dawa ya watoto wenye kilio, alimwambia. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ayeyo alifurahi mno. Alikuwa akiwaonyesha wageni: tazama anavyolala, wallahi kama malaika.

Nilipomshika sikumtambua. Kichwa kilikuwa kinaanguka nyuma. Nikamfinya wayo wa mguu, tena nilimfinya vibaya, nikitaka anipigie kelele. Akafumbua jicho moja, akalifunga. Yule mkali wako, Fardosa! Nikamwambia ayeyo mtoto huyu si mzima, hii dawa simwamini aliyeitengeneza. Akanijibu kwa upole, kwamba mimi nimezoea watoto wa kelele kwa sababu mwenyewe nina kelele.

Nikaenda ofisi inayoshughulikia watoto. Kuna afisa pale, kijana nadhifu, ametoka Kenya, kama tusemavyo huku mtu akitoka Nairobi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akizungusha kalamu, kisha akaniuliza, "Sasa mama, wewe ni nani wa huyu mtoto?" Nikasema rafiki wa mamake. Akasema rafiki si jamaa. Tena gari la ofisi halina mafuta, nianzie kwa chifu. Chifu akasema haya ni mambo ya wanawake, hawezi kuingia boma la mtu, niende kwa wazee. Wazee nikawakuta wanakunywa chai. Wakanikaribisha vizuri sana, wakaniambia mtoto ni wa ukoo, mwenye kauli ni nyanya yake, niende kwa ayeyo. Nilipigwa danadana mji mzima nikarudishwa mlango ule ule niliotokea, na ayeyo akanitilia chai.

Nilirudi tena kwa yule afisa. Gari bado halikuwa na mafuta.

Kisha ikawa asubuhi ile. Ayeyo aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilimchukua Ubah nikakimbia naye mpaka hospitali, kiatu kimoja kikabaki njiani. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Daktari alimgusa tu, akanitazama, akauliza mtoto alikuwa akipewa nini. Ayeyo alikuwa nje, amekaa chini na wanawake wenzake. Nikampa daktari ile chupa niliyoinyakua nikitoka. Akasoma kibandiko. Akasoma tena. Akaniambia hii ni dawa ya usingizi ya watu wazima, tena wale wagonjwa wa akili wanaozidiwa. Mtoto mchanga akipewa, husahau kupumua. Ndivyo alivyosema, husahau kupumua. Nilitaka kumuuliza mtu anasahauje jambo kama hilo.

Na unajua nani alifika pale kabla hatujamwosha? Yule afisa. Kwa gari. Mafuta yalikuwa yamepatikana.

Adeer Mohamud, yule baba mdogo wa Hirsi mwenye ndevu nyekundu za hina, ndiye aliyeongea naye kwa niaba ya Hirsi, ambaye bado hajarudi, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Afisa, mtoto nakufa na homa, bas. Hakuna brobleem." Afisa akanivuta pembeni. Akaniambia kwa huruma, Mungu anajua ilikuwa huruma kweli, kwamba tukisema ni dawa, basi boma lile si salama, na yule pacha wa pili naye itabidi aondolewe, apelekwe nyumba ya watoto huko Nairobi. Tukisema homa, Guled atabaki kwangu. Adeer naye akanisihi nisimwambie ayeyo neno, uchungu utamuua. Wakanipa mpaka Ijumaa niende nikatoe maelezo yangu ofisini.

Fikiria, Fardosa. Guled ananijua kwa harufu. Anashika kidole changu akinyonya, hakiachii hata akilala. Wanipe huyu ili nimfiche yule. Nilizunguka na jambo hili kama mwenda wazimu, chakula hakipiti. Mume wangu akasema kubali, aliyekufa haumwi. Mimi najua kuna msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini msemo haujawahi kunyang'anywa mtoto.

Alhamisi Guled alikuwa na mafua kidogo, analialia. Ayeyo akaja kumwona mjukuu wake. Alikuwa amekonda tangu msiba. Akambusu, akaingiza mkono ndani ya guntino yake, ile shuka ya kujifunga, akatoa chupa. Mpya. Akasema, "Nimemletea ile ya dada yake. Ilikuwa inamtuliza sana, maskini."

Nilimvuta Guled kifuani. Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yote pamoja, daktari, kibandiko, wagonjwa wa akili. Kwanza alicheka, akidhani ni ule mdomo wangu. Kisha akaniuliza, polepole sana, ndiyo maana alikuwa halii hata akifinywa? Nikasema ndiyo.

Akaketi chini. Nilingoja alie, nilishanyoosha mkono nimshike. Hakulia. Alianza kutaja majina. Mjukuu wa Dahabo. Yule mtoto wa mke mpya wa muuza maji. Pacha wa mama Ifrah. Sikuelewa mpaka aliponikamata nguo: alikuwa amewagawia dawa jirani zake. Alipoona Ubah analala vizuri, akawaonea huruma mama wengine.

Tulitoka jua likiwa kali, mimi na Guled mgongoni, yeye mbele bila fimbo yake. Kila mlango alisema maneno yale yale, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Nimemuua mjukuu wangu kwa dawa hii. Nipeni." Mwanamke mmoja alimpiga kofi, mtu mzima yule. Akalipokea, akanyoosha mkono tena apewe chupa. Mtoto wa muuza maji tulimkuta amelegea, tukamkimbiza hospitali, na yupo. Amefumbua macho leo. Wengine ni wazima. Chupa tulizimimina shimoni mimi na yeye, na mwenye duka akafunga duka lake akapotea.

Ijumaa baada ya swala tukaenda ofisini, sote wawili. Nilikuwa nimemwogesha Guled na kumvalisha nguo safi, kwa sababu nilijua narudi bila yeye. Nilimnyonyesha nje ya mlango mpaka akakataa. Ayeyo ndiye aliyetangulia kuongea, mimi nikawa mkalimani. Akasema yote. Alitaja na jina la mwenye duka. Akasema, "Mwambie aandike. Mimi ndiye. Aandike ili mtoto mwingine asipewe."

Afisa alisikiliza akizungusha kalamu. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayetaka kusaidia. Akaniambia, "Mweleze nyanya asijisumbue. Taarifa ilishaenda Nairobi tangu Jumatano. Ni homa. Mwende nyumbani, na huyu kijana kaa naye tu."

Jumatano, Fardosa. Mimi bado nilikuwa silali nikipima nani nimpoteze, na wao walikuwa wameshamaliza. Hawakuwa wakingoja jibu langu hata kidogo.

Sikuweza kulitafsiri. Ayeyo ananivuta mkono, ananiuliza anasema nini, ameandika? Ameandika? Nilipomwambia, akashika meza ya yule afisa kwa mikono yote miwili na kuita kwa Kisomali, niandikeni, niandikeni, mpaka askari wa mlangoni akaja kumtoa kwa adabu, akimwita mama.

Sasa nina Guled. Amelala hapa, mafua yamepungua, anakoroma kizee. Nilimtaka huyu kuliko kitu chochote na nimepewa, na kila nikimtazama nashindwa kujua nimepewa na nani. Ayeyo amehamia kwangu. Halali vizuri, halafu asubuhi anavaa viatu na kuniambia, twende. Akisikia pahali pamezaliwa mtoto, twende. Anawasimulia habari ya ile dawa, mimi nafunga mdomo wangu kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu yeye anajua kuusema ukweli huu kuliko mimi.

Mpokee Ubah, abaayo. Mnyonyeshe mpaka ashibe, huko hakuna wa kukuzuia. Na akilia, nakuomba, mwache alie.

Mimi nakuahidi hili: Guled akifika umri wa kuuliza, sitamwambia homa. Na ile ofisi nitaendelea kwenda kila Ijumaa mpaka waandike, na wakihamisha afisa nitaanza upya na atakayekuja. Jana ayeyo alinifundisha cha kusema wakiniuliza tena mimi ni nani wa huyu mtoto. Sema, akaniambia, wewe ndiye niliyemkataza kuwa mama yake.

Lala kwa amani, Fardosa.

Wako,
Rukia