Fahali wa Mzee Muturi

Mbaabu, nilisikia grinda ikilia kabla sijafika langoni kwa Mzee Muturi.

Wanamkata fahali! Yule fahali wa shaba aliyemuunda kwa mikono yake!

Nikapiga kelele. Mwanawe, Gitari, akacheka: "Wewe malenga, hana macho, hana pembe. Mzee hakumaliza. Tunamuuza kama chuma chakavu."

Hakumaliza! Mbaabu, HAKUMALIZA! Mzee aliyaondoa macho na pembe kwa makusudi, ubaki uzito wa mgongo tu.

Nilimrukia Gitari, wenzake wakanishika. Kichwa cha fahali kikaanguka miguuni pangu.

Sasa hivi natoka hospitalini Nkubu, Mzee alikolazwa. Hajui lolote. Ameniuliza, "Umempitia fahali wangu?"

Mimi na ulimi wangu huu wote! Nimemwambia, wadi nzima ikisikia, "Kesho nakuletea, Mzee, umpapase mgongo."